Sauti Namba Arobaini na Moja

Saa mbili na dakika tano asubuhi, mwitaji alipanda juu ya gogo, akakunja miguu yake minane ya chuma, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu cha maana kwa sikio la binadamu. Ni mvumo tu, kama mtu anayeburuta meza chumba cha pili. Lakini kule bondeni, ndani ya ukungu wa kipupwe, walikuwepo waliosikia. Wakaja hondohondo saba, mabawa yakivuma, wakatua juu ya mkuyu uleule na tawi lilelile lililochorwa kwenye tiketi.

Watembezi kumi na mmoja walipiga makofi. Wa kumi na mbili alikuwa ameinama, anatazama chini kwenye korongo.

Huyo alikuwa Tunu Hoza, mhandisi wa sauti, mzaliwa wa kijiji cha Kwezinga, ambacho mashamba yake yalionekana palepale chini ya njia. Alikuwa amejiandikisha kwa jina la bibi yake na kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Hakutaka kiongozi wa matembezi ajue kwamba yule mwitaji anayesifiwa tangu getini alizaliwa juu ya meza yake, katika maabara moja jijini Tanga. Koo la mwitaji, yaani kile kifaa kinachotunga sauti, alilichora Tunu kwa mkono wake.

Tusiwalaumu waliopiga makofi. Zamani, kabla treni ya sumaku haijaanza kupanda Usambara kwa dakika ishirini, kwenda porini kutazama wanyama kulikuwa kama kumsubiri fundi cherehani mkesha wa sikukuu: unaahidiwa, unakaa, unarudi mikono mitupu. Mtu alitembea kutwa, miguu ikavimba, akaambulia kinyesi cha nguruwe pori. Mwitaji alimaliza habari hiyo. Alikuwa na maktaba ya sauti mia mbili na kumi na mbili, na akili ya kujifunza mwenyewe: kila sauti aliyoitoa, alitazama amekuja mnyama gani na amekuja upesi kiasi gani, na ile iliyofanya kazi aliitumia tena. Basi kila kipupwe, majani ya ile miti migeni ya enzi za Wajerumani yakianza kuwa mekundu na kudondoka njiani, watu wa jijini walioshindwa na joto walijaa mlimani, na kila mmoja alishuka ameona alichoahidiwa.

Tunu hakuja kuona hondohondo. Alikuja kujua ni kwa nini mama yake aliachwa afe.

Mama huyo, Bi Nakiete, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Tunu, alianguka kwenye korongo lile kipupwe kilichopita, alipokwenda kuchuma majani ya dawa ya kikohozi. Kikuku chake cha afya, ambacho kingeiarifu hospitali kufumba na kufumbua, kilikutwa jikoni kimetundikwa kwenye msumari. Alikuwa akikivua kila akienda porini, eti kinamwasha. Nyonga ilivunjika. Daktari alimwambia Tunu ukweli bila kuuzungusha: mama hakufa kwa kuanguka, alikufa kwa kuvuja damu na kwa baridi, na aliishi saa tano nzima baada ya kuanguka.

Saa tano! Na kutoka pale alipolala hadi kwenye matuta ya maharage, ambako wanawake wa Kwezinga walikuwa wakipalilia siku hiyo, ni hatua mia moja na ushei. Sasa, asiyetoka Kwezinga hawezi kujua jambo hili linavyouma. Kwezinga yowe ni sheria. Likipigwa, anayekula anaacha tonge, anayeoga anatoka na povu lake. Na asiyetoka, siku yake ikifika hapati wa kumchimbia kaburi. Mama Tunu alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Aliita. Lazima aliita. Nao hawakwenda.

Msibani hakuna aliyemtazama Tunu usoni. Walimpa pole wakitazama ndala zao. Kampuni ya matembezi ilileta shada la maua na barua nzuri, na ndani ya barua mlikuwa na maneno yaliyomkwama kama mwiba: kwamba siku ile hakuna aliyesikia chochote. Nani alikuwa amewauliza? Machale yakamcheza. Kwa mwaka mzima alikaa na shaka hiyo, akilala nayo, akiamka nayo, mpaka ikaota mizizi ikawa kisa kamili: kampuni ilifunga njia za kuni, kijiji kikanuna, na kwa kuwa yeye Tunu ndiye aliyekuwa akila mshahara wa mashine hizo, wakamlipizia kwa mama yake. Kampuni ilijua, ikanyamaza. Hivyo ndivyo alivyoamini, na ndiyo sababu asubuhi ile Tunu alimwona kila mtu ni mhalifu.

Alimtilia shaka zaidi kiongozi wao, bwana mmoja mpole wa miaka arobaini hivi aitwaye Elisante. Kona ya pili Elisante aliwaonyesha kinyonga mwenye pembe mbili puani, kona ya tatu kima wakirukaruka, na maneno yake yalikuwa matamu. Lakini Tunu aliona kwamba anatazama saa kuliko anavyotazama wanyama. Walipokaribia kona ya nne, baridi ikiwa ya kuvaa sweta mbili, Elisante alikuwa anapangusa jasho.

Hapo akagawa visikizi, vile vya kuziba masikio yote mawili.

"Vaeni, wapendwa," alisema. "Mbega wa hapa wana makelele, yasije yakawaumiza. Mtapata maelezo yote humo, na muziki kidogo."

Uongo mtupu, Tunu akajisemea. Mbega hukoroma kama pikipiki mbovu, lakini hakuna sikio lililowahi kuumia. Na sauti ya kuwaita mbega aliitengeneza yeye mwenyewe, nzito, ya chini kabisa, mtu haisikii hata akitega sikio. Basi hapa kuna kitu kinafichwa. Alivaa visikizi kama wenzake, kisha akakisogeza kimoja nyuma ya sikio.

Mwitaji akafungua kinywa, na mama yake Tunu akapiga yowe.

Haikuwa sauti ya kufanana na ya mama. Ilikuwa yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa mwishoni, ikipanda mara tatu na kuwaita watu waje, waje upesi. Alishika mti. Juu yake mbega thelathini walikuwa wanakwea vileleni wakikoroma, manyoya marefu meupe yakiwaning'inia mabegani, na mmoja amekumbatia mtoto mchanga mweupe pe. Watembezi waliinua nyuso wakatabasamu, muziki masikioni.

Tunu akatazama chini. Kwenye matuta ya maharage kulikuwa na wanawake kumi wanapalilia. Tisa hawakuinua hata kichwa. Jembe liliinuka, jembe lilishuka, kana kwamba kilicholia ni jogoo wa jirani. Wa kumi, mwanamke mzee, alitupa jembe lake, akakusanya kanga mkononi, akaanza kupanda mlima mbio.

Tunu alimvuta Elisante nyuma ya kichaka, akavua kofia, akamwambia yeye ni nani. Elisante alimtambua jina, na uso ukamshuka. Hakubisha, alikuwa kama mtu aliyechoka kubeba mzigo na sasa amepata pa kuutua. Alieleza kwamba ile ni sauti namba arobaini na moja. Hakuna mtu aliyeichagua. Mwitaji mwenyewe aliikuta katika rekodi za msitu alizojazwa, akaijaribu siku moja, na mbega wote wakatokea kabla mtu hajahesabu hadi thelathini. Kumbe wanawake wa Kwezinga wakimwona chui hupiga yowe, na mbega, tangu mababu zao, wamejifunza: ukisikia hilo, panda juu. Ile sauti nzito aliyoitengeneza Tunu haikutumika tena. Mwanzoni watembezi walilisikia yowe wazi, mpaka mmoja wao, muuguzi, alipojitupa korongoni kwenda kuokoa mtu ambaye hayupo, akateguka mguu. Tangu hapo visikizi vikaletwa, na wakubwa wakaagiza jambo hilo lisizungumzwe, ndiyo maana hata barua ya pole ilisema hakuna aliyesikia.

"Tulijua ni sauti ya mtu," Elisante alisema. "Hatukujua ni ya mtu gani."

Lakini Tunu alijua, na alijua imefikaje mle. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakati wa kukusanya sauti za msitu alikaa miezi mitatu barazani kwa mama yake, vinasa sauti vimening'inizwa kila mti. Adhuhuri moja jiko la Mzee Singano, jirani yao, lilishika moto, na mama akapiga yowe, kijiji kikaja, moto ukazimwa. Sheria ya maabara ilikuwa kufuta kila sauti ya binadamu. Tunu alifuta wachunga mbuzi, akafuta redio, akafuta watoto wa shule. Hiyo moja akaiacha. Kila alipomwekea mama kinasa mbele ili apate sauti yake, mama alizungumza kama anasoma risala ya mgeni rasmi. Kwenye yowe lile alikuwa yeye mwenyewe. Jijini, katika chumba chake cha ghorofa ya kumi na tisa, Tunu alikuwa akiifungua kutoka maktaba kuu akitoka kazini, akiisikiliza huku anamenya viazi. Kwa hamu ya mama yake, basi. Hakuwa na nia nyingine.

Yule mwanamke mzee alifika akihema. Alikuwa Bi Mwajabu, aliyelima bega kwa bega na Mama Tunu kwa miaka thelathini. Mkono mmoja alishika panga la kukatia fito za machela, mwingine ile kanga, tayari kumfunga mtu jeraha. Watembezi, waliokwisha kuvua visikizi, walimpiga picha. Yeye hakuwajali. Alikwenda ukingoni, akachungulia korongo lote, huku na huku, kama mtu anayehakikisha moto umezimwa, ndipo akakaa juu ya jiwe.

"Shikamoo, mama," Tunu alisema.

"Marahaba." Kisha akamtazama vizuri. "Tunu. Hatimaye umekuja."

Mwaka mzima Tunu alikuwa ameyapanga maneno ya siku hii, maneno makali ya kuchoma. Yote yakampotea, likabaki moja.

"Mbona hamkwenda, mama?"

Bi Mwajabu hakujitetea. Alisema mwezi wa kwanza walikwenda, kijiji kizima, mara nne kwa siku, na mapanga na machela, wakikuta dude la chuma limekaa juu ya gogo na wageni wanacheka na mbega. Maharage yaliota magugu. Wakamwendea Mama Tunu wakamwambia, dada, sauti yako imeibwa, twende kwa hao watu tukawashitaki. Mama Tunu akakataa. Akasema hiyo ni kazi ya mwanawe, wakienda kulalamika mtoto atafukuzwa, na tena Tunu mwenyewe asiambiwe, maana akijua ataiacha kazi. Akawaapisha, mmoja mmoja. Kwa hiyo wakazoea. Walifika mahali pa kumtania yeye mwenyewe akiwa palepale shambani: Mama Tunu, mbona unaita na upo hapa? Naye alikuwa anacheka.

"Siku ile nilikuwa tuta la tatu," Bi Mwajabu alisema. "Nikamsikia. Nikasema, mashine hiyo. Nikamsikia tena, na saa ya mashine bado, nikasema labda wageni leo wamewahi. Ilipofika saa sita sauti ilikuwa imekauka. Nikawaambia wenzangu, jamani, leo mashine imepata mafua. Tukacheka, Tunu. Tukacheka, tukamaliza palizi."

Tunu alilia palepale, mbele ya wageni, bila kujifunika uso. Mwaka mzima amewashuku watu hawa, na wao mwaka mzima wameona haya kumtazama. Alitaka kumkuta mwenye kosa, na sasa amemkuta. Bi Mwajabu alimwambia kwamba tangu siku hiyo yeye hukimbilia kila yowe, mara nne kwa siku, anajua ni la chuma lakini anakwenda. Watoto humcheka. Goti moja limekufa. Haidhuru, alisema, siku moja litakuwa la kweli tena, na siku hiyo lazima mtu awepo.

Tunu akapangusa macho, akamwendea mwitaji. Chini ya tumbo lake kulikuwa na kifuniko ambacho yeye ndiye aliyekichora, na kidole chake kilikuwa bado kinatambuliwa. Elisante aliona anachofanya. Alimsihi kwa sauti ya chini: tiketi zinaahidi mbega, wakubwa watamfikisha mahakamani, na kazi haitabaki hata ya kufagia maabara. Tunu akamjibu kwamba anajua. Elisante akageuka, akawaita watembezi wakatazame uyoga mmoja wa kawaida kabisa, akawaeleza habari za uyoga ule kwa dakika kumi.

Tunu akaweka kidole, akaagiza, na mwitaji akajibu kwa sauti ya kikarani. Alisema sauti namba arobaini na moja itafutwa kwa waitaji wote sita wa mlimani na katika maktaba kuu ya Tanga, na haitarudi. Kama anataka kuisikiliza kwanza, aseme.

Alitaka. Moyo ulimuuma kwa kutaka. Hakukuwa na nakala nyingine duniani ya mama yake akiwa yeye mwenyewe. Lakini aligeuza shingo akamwona Bi Mwajabu juu ya jiwe, anasugua goti, na akajua kwamba ikilia hapa, hata kwa kunong'ona, yule mzee atainuka.

"Futa," alisema.

Mbega walikaa vileleni kitambo, kisha wakashuka mmoja mmoja kurudi kwenye majani yao. Njia ikawa kimya. Tunu akasema basi, yamekwisha, na Bi Mwajabu akatikisa kichwa.

"Umeinyamazisha mashine. Watu je? Kesho nikianguka mimi nikaita, nani atatoka? Wamezoea kukaa." Akajiinua kwa kushika panga. "Wewe ni wa hapa. Unajua mpiga yowe la uongo hufanya nini."

Alijua. Watoto wote wa Kwezinga wanajua, ingawa miaka mingi haijatokea. Anayepiga yowe la uongo, awe mlevi, awe mtani, huzunguka nyumba zote za kijiji kwa miguu. Hakaribishwi kiti, hapewi maji. Husimama mlangoni na kusema kwa kinywa chake kwamba yowe lilikuwa la uongo na ni yeye aliyelipiga. Mwenye nyumba akiwa radhi hujibu: Tumesikia. Ukipiga tena tutakuja. Mpaka nyumba zijibu hivyo, yowe halina nguvu, na mtu hadaiwi kutoka.

Walishuka pamoja, polepole kwa ajili ya lile goti. Nyumba ya kwanza njiani ilikuwa ya Bi Mwajabu mwenyewe. Aliingia ndani, akafunga mlango, akasubiri kugongewa kama mtu asiyejua lolote. Tunu akagonga. Akasema yale maneno. Bi Mwajabu akajibu yote, neno kwa neno, kisha akafunga mlango, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mzee Singano, yule ambaye jiko lake liliokolewa na yowe lile. Alikuwa amekaa kizingitini anapukuchua mahindi. Alipomwona Tunu anakuja kwa miguu na hakai, aliacha kupukuchua. Nyuma yake, uani, wakajitokeza mke wake na wakwe zake, na katika ua wa jirani watu wawili watatu wakasimama. Wote walimtazama. Tunu aliyatambua macho hayo: ndiyo aliyokuwa akiwatazamia watu tangu asubuhi.

"Yowe la juu mlimani lilikuwa la uongo," alisema. "La miaka miwili yote. Na ni mimi niliyelipiga."

Mzee Singano alikaa na gunzi mkononi.

"Tumesikia," alisema.

Tunu akasubiri. Mila haimruhusu kuomba nusu ya pili. Ni ya mwenye nyumba, akipenda hutoa, asipopenda hukaa nayo. Mzee akatazama matuta ya maharage, akatazama kule juu kwenye korongo, akatazama jiko lake.

"Nyumba ziko sitini na tatu," alisema mwishowe, akarudia mahindi yake. "Zunguka kwanza. Mimi nipo hapahapa, nitasikiliza kama kuna wanaojibu."

Tunu akaitika kwa kichwa, akashika njia ya nyumba ya tatu.